Oili ya Rangi ya Chai ya Maziwa

Aprili 2009 simu iliita gereji yetu ya Dodoma kabla sijamaliza uji. Land Cruiser HZJ75 ya mteja wetu, iliyokuwa ikipeleka mafundi wa visima vijijini, ilikuwa imekwama korongoni mbele ya Mayamaya, njia ya Kondoa. Dereva alisema neno moja tu la maana: limekata shafti, kile chuma kinachozungusha tairi. Bosi wangu, mzee wa Kigogo tuliyemwita Babu, akaniagiza nipakie boksi la spana, nyundo ya shaba, jeki mbili na tyubu chakavu ya lori. Ya tyubu sikuielewa. Nilikuwa na miaka 20, mwaka wa pili wa kujifunza ufundi, nikabeba bila kuuliza.

Siku hizo lami ya kwenda Babati ilikuwa haijafika huko. Tulitikisika asubuhi nzima.

Tulilikuta limezama nyuma mpaka ekseli imelalia mchanga. Dereva alikuwa amekanyaga mafuta kwenye gia ya lo, tairi zikazunguka bure, kisha moja ikashika mwamba ghafla. Nguvu yote ya injini ya lita 4.2 ikaishia kwenye chuma kisichozidi unene wa mpini wa jembe. Babu alifungua nati 6 za habu ya kulia, yaani kitovu cha tairi, akagonga kwa nyundo ya shaba mpaka vile vipete vya koni vikalegea, akaivuta shafti. Ikatoka fupi. Akaigeuza juani ili nione ilipokatikia: ukingo mmoja ulikuwa mweusi na laini kama jiwe la mtoni, na sehemu iliyobaki ikimetameta kama chumvi ya mawe.

"Hii ilianza kukatika zamani," alisema. "Leo imemalizia tu."

Katika gari lile uzito wa nyuma hubebwa na habu, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ukizitoa zote mbili, tairi hazidondoki. Tukazitoa, tukafungua na propela ya nyuma, mhimili unaoleta nguvu ya injini, ili difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli, isizunguke na kipande cha shafti kilichobaki ndani yake. Hapo ndipo nilipoielewa tyubu: Babu alikata duara mbili, akazitoboa matundu, akazifunga kwa zile zile nati ili mchanga usiingie kwenye beringi. Kisha akafunga loki za habu za mbele na kuingiza fo wili. Gari likawa la kuvutwa na tairi za mbele peke yake.

Kwenye mchanga ule lakini halikujivuta. Mzee mmoja wa jirani, baada ya kusalimiana na Babu kwa "Mbukwenyi" ndefu, alileta jozi mbili za ng'ombe wa plau. Walilitoa. Hakutaka hela, alitaka vijana wake wapewe lifti hadi mnadani.

Tulirudi Dodoma taratibu, giza limeshaingia.

Asubuhi nilimwaga oili ya difu. Ikatoka rangi ya chai ya maziwa. Babu alipitisha sumaku kwenye beseni, ikaibuka na vipande vya meno ya krauni, gia kubwa ya ndani ya difu. Mimi nilikuwa nimeshikwa na ubaridi tumboni, kwa sababu rangi ile nilikuwa nimeiona. Februari gari hili lilikuja servisi jioni ya Jumamosi, nikafungua nati ya juu ya difu, nikachovya kidole, kikatoka na weupe. Niliongeza oili kidogo, nikafunga, nikanyamaza. Mteja alikuwa anasubiri na mimi nilitaka kwenda nyumbani.

Nilimwambia Babu pale pale, mikono yangu ikiwa bado ndani ya beseni.

Hakufoka. Aliniomba spoku ya baiskeli, akaingia chini ya gari, akafungua kipumulio kilicho juu ya ekseli. Kilikuwa kimeziba kwa tope lililokauka kama tofali. Difu huwa ya moto, akanieleza. Ikiingia kwenye maji ya korongo, hewa ya ndani inapoa na kusinyaa, nayo ikikosa pa kuvutia kwenye kipumulio inavuta maji kupitia oili sili, zile za kuzuia oili isivuje. Maji yakala beringi ya pinioni, gia ndogo inayozungusha krauni, pinioni ikaanza kucheza, meno yakawa yanaumana kwa ncha. Shafti ingekatika tu, alisema. Difu, hapana.

Mteja alileta kichwa cha difu cha mtumba, cha bei nzuri. Babu akahesabu meno: krauni 37, pinioni 10. Yetu ilikuwa 37 kwa 9, na ya mbele vivyo hivyo. Ungefunga ile, siku ya fo wili mbele na nyuma zingezunguka kwa mwendo tofauti, zingepigana mpaka kitu kivunjike. Ikarudishwa, ikatafutwa krauni na pinioni mpya, na beringi zake.

Kazi iliyonichosha ni ya rangi. Unapaka meno machache ya krauni rangi nyekundu, unaizungusha kwa mkono mbele na nyuma, unasoma alama. Inatakiwa iwe katikati ya jino. Yetu ilikaa nchani, maana yake pinioni iko mbali na krauni. Kuisogeza ni kushusha kila kitu, kuing'oa beringi kwa presi na kuweka shimu, pete nyembamba ya chuma, iliyo nene zaidi. Mara ya pili alama ikashuka hadi shinani. Mteja alikuwa akipiga simu kila saa, na Babu hakupokea hata moja. Mara ya tatu ikakaa katikati, na saa ya kupimia ikaonyesha mchezo wa meno kati ya milimita 0.15 na 0.20. Nilitamani kulia.

Dereva alipokuja kuchukua gari, Babu aliniita mbele yake. "Mwambie ya Februari. Wewe mwenyewe."

Nikamwambia yote. Dereva alinitazama kwa muda, akatikisa funguo mkononi, kisha akauliza hicho kipumulio kiko wapi. Akatandika gunia, akalala chini ya gari na shati lake jeupe, nami nikamwonyesha kwa ile spoku.