Steringi alishakufa: nilivyotafsiri Sword of Destiny kwa maiki, uani Moshi

Filamu ya mapigano Crouching Tiger, Hidden Dragon ilitoka mwaka 2000. Ya pili, Sword of Destiny, ikaja 2016, na wengi wetu tuliipata Netflix. Miaka 16 ni mingi. Mtazamaji anakumbuka watu wanaopigana juu ya mianzi, na anakumbuka kwamba steringi alikufa. Kwa hiyo nilipoamua kuitafsiri kwa familia na majirani hapa Majengo, kama wanavyofanya kwenye vibanda umiza (ila bila kiingilio, maana nililipia kuangalia nyumbani, si kufanyia biashara), kazi kubwa haikuwa projekta. Ilikuwa swali moja: "Sasa steringi ni nani?"

Nilitenga dakika 5 za kusimulia kabla ya kuwasha. Chow Yun-fat, aliyekuwa steringi Li Mu Bai, hayumo. Michelle Yeoh yumo, bado ni Shu Lien. Upanga ni uleule. Halafu kuna jambo ambalo ukiliruka umeharibu filamu nzima: katika ya kwanza, Shu Lien alikuwa na mchumba, Meng Sizhao, aliyeuawa, na kumheshimu marehemu ndiko kulikomzuia kuwa na Li Mu Bai. Nililitaja jina hilo mara mbili, nikaishia hapo. Ya pili ina Donnie Yen, anaitwa Silent Wolf, na ndiye huyo "marehemu". Asiyekumbuka mchumba atamwona Yen kama mgeni tu aliyejitokeza.

Niliiangalia mara 3 nikiwa na daftari. Mara ya kwanza bila kuandika. Mara ya pili niliandika dakika na sekunde ya kila mazungumzo. Ya tatu nilisoma kwa sauti huku inacheza, na hapo ndipo utagundua umeandika gazeti. Kwa kasi yangu, sekunde 5 zinabeba maneno 8 hadi 10. Nilikuwa nimeandika "Mimi niliamini kwamba wewe ulikwisha kufariki vitani"; mdomo wa mwigizaji ulifunga nikiwa nusu. Ikabaki "Nilijua ulishakufa."

Mwanzo ni rahisi kwa Kiswahili, kwa sababu Shu Lien anakwenda msibani Beijing. Sir Te, aliyefariki, nikamwita Mzee Te, na kila mtu akaelewa kwa nini amefunga safari. Snow Vase anayemwomba Shu Lien amfundishe, nilimfanya amwite "mwalimu". "Bibi" ingemzeesha Michelle Yeoh bure.

Kwenye ngumi, nyamaza. Yuen Woo-ping alipanga mapigano ya ya kwanza na ndiye aliyeongoza ya pili, kwa hiyo hapo hakuna pengo. Hadithi imepungua, mapigano hayajapungua. Kwenye pambano la juu ya ziwa lililoganda nilisema sentensi moja tu. Sisi wa Moshi barafu tumezoea kuiona Kibo, si kuikanyaga, na watu walitaka kusikia inavyopasuka.

Sauti: filamu chaneli moja ya miksa, maiki nyingine. Nikiongea naishusha filamu hadi karibu theluthi, nikimaliza naipandisha taratibu. Spika ziwe mbele yako, zikielekea watazamaji. Ukikaa mbele ya spika, maiki inanyonya sauti ya spika na kuirudisha, unapata mluzi.

Picha ijaribu siku moja kabla, kwa filamu yenyewe. Projekta au adapta ya bei rahisi isiyo na HDCP (kinga ya kuzuia filamu kunakiliwa) itaonyesha menyu vizuri kabisa, halafu ukibonyeza kucheza inakuwa nyeusi huku sauti inasikika. Nilibadilisha adapta, ikakubali. Filamu niliipakua mapema, ili bando lisikwame katikati.

Nilianza saa 2 usiku, baada ya Isha. Saa 12 na nusu bado kuna mwanga na picha kwenye shuka inaonekana imepauka. Ukingo wa chini wa shuka uwe mita 1.2 kutoka ardhini, la sivyo vichwa vya mbele vitakula picha. Na ulifunge chini pia, si juu peke yake: usiku hewa ya baridi inateremka kutoka mlimani, na shuka likijaa upepo, uso wa Donnie Yen unavimba kama mandazi. Mimi nilipitisha ubao kwenye pindo la chini na kuufunga kwenye matofali mawili.