Tairi jepesi la tyublesi kwenye maweni ya Unguja: tazama ubavu kwanza

Ukimsikia mtu anasifu tairi jepesi la baskeli la tyublesi, yaani lisilotumia mpira wa ndani, muulize kwanza anapita wapi. Anayetoka Mjini alfajiri, akashika lami ya Mahonda na Kinyasini mpaka Nungwi na kurudi na lami ile ile, ana haki ya kulisifu. Anayekata njia za ndani baina ya Michamvi na Bwejuu, au za Charawe na Ukongoroni, ambako jiwe la maweni limechomoza kwenye udongo kama meno ya msumeno, anazungumzia kitu kingine kabisa, hata kama tairi ni lile lile.

Shauri langu ni moja. Kwa Unguja, raha ya safari itafute kwenye upana wa tairi na kwenye kipimo cha upepo, usiitafute kwenye wembamba wa ubavu. Tairi lenye mpira mwembamba pale linapokanyaga unaweza kuishi nalo. Lenye ubavu mwembamba litakurudisha kwa miguu, khasa likiwa nyuma.

Tairi ni kitambaa cha nyuzi kilichopakwa mpira. Kila linapogusa chini, kitambaa hicho hukunjika na kukunjuka. Kikiwa cha nyuzi nyembamba hukunjika bila taabu: kijiwe humezwa na tairi kabla mtikisiko haujafika mikononi, na nguvu inayopotea kwa joto ni ndogo. Kikiwa kinene, au kimeongezewa kitambaa cha kinga, hukataa kukunjika. Mikono hufa ganzi, na miguu hufanya kazi zaidi kwa mwendo ule ule. Kwa hiyo ulaini na wepesi wa kwenda huja pamoja, na kinga hulipiwa kwa vyote viwili.

Kwenye boksi au ubavuni utaona idadi ya nyuzi kwa inchi, imeandikwa TPI. 60 ni nyuzi nene, 120 ni nyembamba zaidi. Usinunue kwa nambari hiyo peke yake, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hujumlisha tabaka zote, na tabaka tatu za nyuzi 60 husomeka 180. La maana zaidi ni kujua kinga imewekwa wapi: chini ya kashata tu, yaani ule mpira wa meno unaokanyaga chini, au kutoka ukingo mmoja mpaka wa pili. Mkono utakwambia. Bana ubavu kwa kidole gumba na cha shahada uukunje. Usio na kinga hukunjika kama kanga. Wenye kinga hukaa kama turubai. Kwa kazi yetu tunataka kitu cha katikati, turubai jepesi.

Sasa mzani. Chukua tairi la 40-622, yaani upana milimita 40 kwenye ringi yenye kipenyo cha milimita 622 pale tairi linapokaa. Jepesi lina gramu 400 hadi 450, lenye kinga ubavuni lina 500 hadi 600. Mpira wa ndani wa kawaida wa upana huo una gramu 150 hivi. Ukiutoa, unatia silanti, ule ute wa kuziba matundu, mililita 60, ambazo ni gramu 60 hivi, na ukanda wa kuziba matundu ya spoki kwenye ringi pamoja na vali, gramu 15 hadi 20. Faida haifiki gramu mia kwa gurudumu, na ukichagua tairi la kinga inaliwa yote. Anayeingia tyublesi kwa ajili ya mzani atavunjika moyo. Faida yake khasa ni kwenda na upepo mdogo bila pancha ya kubanwa, ile ambayo mpira wa ndani hubanwa baina ya jiwe na ringi na kutoka na matundu mawili sambamba. Kila fundi anayajua matundu hayo.

Kwa mwendeshaji wa kilo 75 hivi anzia hapa, kwa PSI, yaani kipimo cha nguvu ya upepo. Tairi la milimita 28: PSI 65 mbele na 70 nyuma. La milimita 40: 32 mbele na 35 nyuma. La inchi 2.25: 20 na 22. Kisha shusha PSI 2 kila safari, kwenye njia ile ile, mpaka siku utakayosikia ringi inagonga jiwe. Hapo rudisha 3 na ukomee hapo. Tumia geji. Kidole gumba kinadanganya, kwa sababu ubavu mgumu huonekana umejaa na ubavu laini huonekana umepungua hata upepo ukiwa sawa. Kama ringi yako haina ndoano ndani ya kingo zake, usivuke PSI 72.5 kwa hali yoyote. Ringi ikisema kiasi na tairi likisema kingine, fuata kilicho kidogo.

Kosa ninaloliona sana ni la mtu anayehama kutoka tairi la 32 kwenda la 40 halafu akabaki na PSI 50 zile zile, akalalamika kuwa tairi pana ni gumu. Ndivyo litakavyokuwa. Upepo ule ule ndani ya tairi pana huvuta kitambaa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo tairi pana lazima lipunguzwe upepo ndipo raha yake ije.

Hapa ndipo raha na uimara vinapogombana, na ugomvi wenyewe una pande mbili. Upepo ukiwa mwingi, tairi haliwezi kujipinda juu ya ncha ya jiwe, na ncha inaingia moja kwa moja kwenye kashata. Upepo ukiwa mdogo mno, tairi hutanuka pembeni, ubavu ukatoka nje ya kashata, nao ndio unaokutana na jiwe. Kwenye lami adui ni kipande cha chupa na vile viwaya vya chuma vinavyomwagika kutoka matairi ya malori yaliyopasuka. Vyote viwili huingia kwenye kashata, na silanti huvimaliza. Kwenye maweni adui huja kwa ubavuni.

Mpasuko wa ubavu una sura yake. Ni wa mshazari, milimita 7 au 8, na nyuzi zilizokatika zinatokeza kama ndevu. Silanti nyeupe inarukia kwenye fremu. Unazungusha gurudumu mpasuko uwe chini, silanti inatoa mapovu, inaganda, unadhani umepona. Ukitia upepo hadi PSI 25 inafumuka tena. Sababu ni mbili: silanti nyingi hushindwa tundu likivuka milimita 3 au 4, na ubavu hukunjika kila mzunguko wa gurudumu, kwa hiyo kilichoganda hung'olewa. Hata ule uzi wa raba wa kuchomekea hauna pa kushika. Chini ya kashata kuna unene wa mpira wa kuubana. Ubavuni kuna unene wa milimita moja hivi tu.

Ndiyo maana nashauri matairi mawili tofauti. Mbele weka jepesi lenye kitambaa laini, kwa sababu mikono inapata raha yake kutoka gurudumu la mbele na wewe mwenyewe unaliongoza kukwepa jiwe. Nyuma weka lenye kinga kutoka ukingo hadi ukingo. Gurudumu la nyuma hubeba asilimia 55 hadi 60 ya uzito na hukata kona kwa ndani, likapita pale ambapo macho yako hayakupachagua. Gramu 100 za kinga upande wa nyuma peke yake ni bei ndogo. Kama unabeba mizigo, au unatembeza wageni kila siku, weka kinga kote kote na upandishe upana hadi 45 kama fremu inaruhusu. Acha angalau milimita 5 kila upande baina ya tairi na fremu, maana udongo wa masika hujaa hapo.

Kabla ya kununua chochote, soma nambari ya tarakimu tatu kwenye tairi la zamani. 622, 584 na 559 zina matairi ya tyublesi. Zile baskeli nyeusi za Phoenix zenye 28 x 1½ ni ringi ya 635, haiwi tyublesi, na neno "28" lisikudanganye ukanunua tairi la 622, halitaingia.

Kufunga. Futa ringi kwa spiriti mpaka kitambaa kisichukue uchafu tena. Ukanda uwe mpana kuliko nafasi ya ndani ya ringi kwa milimita 2 au 3, uvutwe kwa nguvu, na mwisho wake upite tundu la vali kwa sentimita 10. Tundu la vali toboa kwa msumari mwembamba uliopashwa moto, si kwa kisu, kwani kisu huacha mchaniko na joto la Kaskazi litauendeleza. Vali ikaze kwa vidole tu. Ukiikaza kwa koleo, siku ya kutia mpira wa ndani njiani hutaifungua. Pakaza maji ya sabuni kwenye kingo za tairi, toa kiini cha vali, na tia upepo kwa kompresa ya fundi wa magari. Vali nyembamba inataka adapta, nenda nayo. Tairi litapiga mlio, pa, pa, likikaa mahali pake. Mwambie fundi asimamie geji, maana kompresa ya gari hupitisha kiasi cha baskeli kwa sekunde chache. Kisha tia silanti kwa bomba la sindano, rudisha kiini, tia upepo, tikisa, na ulaze gurudumu nusu saa kila upande. Mapovu yakitoka kwenye spoki, ukanda umefeli: vua uanze upya. Kuongeza silanti hakutibu ukanda.

Tairi jepesi hutoa jasho. Siku za mwanzo utaona vitone vyeupe ubavuni na upepo kupungua kila usiku. Likizidi wiki mbili, ubavu huo ni mwembamba kupita kiasi kwa njia zako.

Silanti nyingi ni utomvu wa mpira ndani ya maji, na maji hukauka. Maelezo ya chupa husema miezi kadhaa. Kwa joto letu kagua kila mwezi. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia mchuruziko, toa kiini, ongeza mililita 30. Ukiacha tairi miezi sita bila kulifungua utakuta donge la mpira kama yai la kware linazunguka ndani, na pancha ya kwanza ya kiwaya itakulaza njiani. Usiegeshe juani pia. Tairi lililotiwa PSI 40 alfajiri, upepo wake ukipanda kutoka nyuzijoto 25 hadi 60, hufika PSI 46. Usishushe upepo hapo. Jioni utakuta umepungua.

Pwani wakati wa maji kupwa, mchanga mgumu wa Paje na Jambiani unapitika vizuri na tairi la 40 kwenye PSI 22 hadi 25, mbali na vigingi vya mwani. Rudisha upepo kabla ya kupanda kwenye mawe. Suuza kwa maji matamu siku hiyo hiyo, na vali usiisahau, chumvi hukamata kiini chake kikavunjika ukikifungua.

Pemba ni hadithi nyengine. Milima ya udongo mwekundu na mizizi ya upande wa Ngezi inataka kashata ndefu zaidi kuliko inavyotaka ubavu wa turubai, na tairi jepesi huko linadumu.

Ubavu uliopasuka unashoneka. Vua tairi, osha silanti yote, kwani kiraka hakishiki juu yake. Shona kwa uzi wa nailoni wa nyavu na sindano nene, tundu milimita 3 kutoka kwenye ukingo wa mpasuko, na nafasi ya milimita 3 baina ya mshono na mshono. Usivute mpaka kitambaa kikakunjamana, kitavimba hapo. Sugua ndani kwa msasa, paka solusheni, subiri dakika tano ikauke mguso, bandika kiraka kinachopita mpasuko kwa milimita 15 kila upande, na ukigonge kwa nyundo ya mpira. Tairi hilo lirudishe nyuma tu, kwa mpira wa ndani. Mbele lisipande tena.