Shangazi aliambiwa asubiri, na mwaka wa serikali ukapita

Shangazi yangu ana mkebe wa Kasuku, ule mkubwa, na ndani hakuna mafuta, kuna karatasi. Kibali cha mazishi, risiti ya sanda, risiti ya gari lililobeba maiti, na abstrakti ya polisi, ile hati yao ya kuthibitisha ajali, iliyokunjwa mara nne mpaka kwenye mikunjo imeanza kuachana. Juzi nilipofika kwake aliutoa tena akanimwagia zote kwenye mkeka, akasema hebu soma wewe mwanangu, labda yule wakili hakuona vizuri.

Wakili aliona vizuri. Sisi ndo tulichelewa.

Mwanawe aligongwa na gari la polisi jioni, barabara kuu karibu na soko. Gari lilikua linakimbilia tukio la wizi, kimulimuli kinawaka, foleni ikawa ndefu basi likachomoka kwenye leni yake likapita upande usio wake, na yeye alikua anamalizia kuvuka, ashaangalia kule magari yanakotoka. Kuhusu king'ora walioona hawakubaliani hadi leo, mwenye kibanda cha mahamri anasema hakikulia kabisa, dereva wa tuktuk anasema kililia mara moja kama mtu aliyegusa honi. Sisi ni Waislamu, adhuhuri ya kesho yake tulikua tushamzika. Postmotamu hatukutaka hata kuisikia, na simlaumu mtu kwa hilo, lakini kwenye kesi ya kifo ripoti ya daktari inayosema nini kilichomuua ina uzito sana, na wazee wetu wa msikitini wanafaa kulijua hilo ili wasaidie familia kuifanya haraka na kwa heshima.

Kituoni tukaambiwa uchunguzi unaendelea, subirini faili irudi. Tukarudi mwezi wa pili tangu ajali, wa nne, wa saba. Subirini. Na mtaani kila mtu alituambia msiwe na wasiwasi, kesi ya ajali ina miaka mitatu. Ni kweli, ina miaka mitatu ukimshtaki mwenye matatu au mwenye lori. Lakini Kenya kuna sheria inaitwa Public Authorities Limitation Act, Sura ya 39, na yenyewe inasema madai ya uzembe dhidi ya serikali lazima yafunguliwe ndani ya miezi 12. Sisi tulifika kwa wakili mwezi wa 14. Mahakama inaweza kuongeza muda kama kuna jambo muhimu kuhusu ajali yenyewe ambalo hungeweza kulijua, ila kutojua sheria hakuhesabiki.

Hapa ndo roho inaniuma, manake sheria yenyewe haikua dhidi yetu. Watu wanafikiri gari likiwa na king'ora basi limeruhusiwa kila kitu. Ruhusa anayopewa dereva wa polisi, zimamoto au ambulansi ni ya kwenda mbio pale kazi inapodai, haimwondolei wajibu wa kuangalia watu walioko barabarani. Akizembea akaua, kosa la kusababisha kifo kwa uendeshaji mbaya lina kifungo hadi miaka 10 kwenye Traffic Act, na upande wa fidia mwajiri wake ndo anabeba, kwa hiyo unamshtaki Mwanasheria Mkuu kwa niaba ya serikali. Na hizo ni njia mbili tofauti! Hakuna aliyetuambia. Kesi ya madai haisubiri faili ya polisi irudi, wala haisubiri dereva ahukumiwe.

Tofauti hiyo niliielewa vizuri niliposoma ile kesi ya Seattle, Marekani. Januari 2023 askari alikua anawahi simu ya mtu aliyezidisha dawa za kulevya, akafika maili 74 kwa saa mahali pa maili 25, yaani karibu kilomita 119 pahala pa 40, kimulimuli kinawaka ila king'ora anakigusagusa tu kwenye makutano, akamgonga msichana wa miaka 23, mwanafunzi kutoka India, akiwa kwenye kivuko cha miguu. Sheria ya jimbo lile inaruhusu gari la dharura kuvuka spidi lakini inasema wazi lazima dereva azingatie usalama wa wengine. Pamoja na hayo mwendesha mashtaka alitangaza Februari 2024 kwamba hamfungulii kesi nzito ya jinai, kwa sababu hawezi kuthibitisha bila shaka kwamba alipuuza usalama wa watu kwa kukusudia. Aliishia kupigwa faini ya dola 5,000, kisha Januari 2025 akafutwa kazi. Lakini kiwango cha ushahidi kwenye jinai kiko juu kila mahali, madai yanataka tu uonyeshe kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi alizembea. Mzazi akisikia "hakuna mashtaka" anafunga mkebe wake anaenda kulala, kumbe mlango mwingine bado uko wazi.

Basi kama yamekukuta, andika OB namba, yaani namba ya tukio kwenye kitabu cha kituo cha polisi, chukua majina na simu za walioona siku hiyohiyo kabla hawajatawanyika, tunza kila risiti. Wakili atakuombea ruhusa ya mahakama ya kusimama kwa niaba ya marehemu, bila hiyo kesi inaweza kutupwa. Kama ni gari la polisi peleka malalamiko IPOA pia, ile mamlaka huru inayosimamia polisi, sheria yao inawalazimu kuchunguza vifo vinavyosababishwa na askari akiwa kazini, na huko hulipi kitu. Na ujue mapema kwamba hata ukishinda kwa kawaida huwezi kutuma madalali wakakamate mali ya serikali, unapewa cheti cha deni, wasipolipa unarudi mahakamani kuomba afisa anayehusika na malipo aamriwe kulipa. Inachosha. Hilo nalo libadilishwe, familia iliyozika haifai kuikimbiza serikali mara ya pili.

Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho, akaanza kuzirudisha karatasi moja moja, risiti ya sanda akaiweka juu. Akaniuliza, kwa hiyo wale wa kule juu wa mtaa, waliogongewa baba yao na gari la serikali baada ya Idi, wao wako mwezi wa ngapi?

Tukahesabu kwa vidole. Wa tisa. Akavaa buibui lake tukatoka.