Siku yangu kazini Kondele: homa iliyokuja na basi la Mombasa

Saa moja na nusu asubuhi. Mabenchi ya kliniki yetu hapa Kondele, Kisumu, yameshajaa. Mimi ni afisa wa kliniki, ila wagonjwa wote huniita daktari. Msimu wa mvua karibu kila anayeingia ana homa, na kando ya ziwa hili homa ni malaria mpaka kipimo kiseme vingine.

Saa tatu. Kijana anaingia ameegemea bega la mamake. Amerudi Jumapili kutoka Mombasa anakofanya kazi ya ujenzi, Jumanne homa ikamshika. Leo ni Alhamisi.

"Daktari, mchome sindano ya malaria twende. Usiku kucha hajalala."

"Pole, mama. Tumpime kwanza."

Kipimo cha haraka hakionyeshi malaria. Naomba damu iangaliwe kwa darubini pia: hakuna kijidudu. Wagonjwa wengi hupotelea hapa, wanapewa dawa ya malaria vivyo hivyo na kurudishwa nyumbani. Mimi naanza kuuliza safari. Nashuku dengue, homa ya virusi inayoenezwa na mbu. Vitabu tulivyosomea huieleza kama ugonjwa wa mtalii aliyerudi Ulaya kutoka nchi za joto. Msafiri wetu sisi hupanda basi la usiku. Mombasa imepata milipuko ya dengue mara kadhaa, ikiwemo ya 2013, 2017 na 2021, na homa hujitokeza siku 4 hadi 10 baada ya kuumwa na mbu, mara chache hata 14. Hesabu inakubali.

"Ukizungusha macho?"

"Yanauma kwa nyuma. Na viungo vyote, daktari, kama nimepigwa rungu."

Namfunga mkanda wa mashine ya presha, naujaza hadi katikati ya presha yake ya juu na ya chini, nauacha dakika 5. Nikiufungua, chini ya kiwiko vimetokea vidoadoa vyekundu kama ncha za sindano. Nachora mraba wa inchi moja kwa kalamu na kuvihesabu: vinapita 10. Peke yake si ushahidi kamili wa dengue, lakini unatosha kunifanya nichukue damu nyingine ipelekwe kupimwa virusi kwenye maabara kubwa mjini, na kumpigia afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa.

Saa tano. Hemogramu imerudi: chembe nyeupe zimeshuka, za kugandisha damu zimeanza kupungua. Namuuliza amemeza nini. Anatoa mfukoni ibuprofeni aliyouziwa dukani bila kuulizwa lolote. Nazichukua. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zinaweza kumtoa damu mtu wa dengue. Parasetamoli, basi, na vinywaji kwa wingi: uji, maji ya ORS, supu.

Mchana unapita kwa vifua vya watoto, presha za wazee na kidonda kimoja cha bodaboda.

Saa tisa. Dripu imeisha, anakunywa mwenyewe, hatapiki. Kabla hawajaondoka nakaa na mama.

"Neti tunayo," ananiambia.

"Alale ndani yake hata mchana, mama. Mbu wa ugonjwa huu ana madoa meupe miguuni, na huuma mchana, hasa asubuhi na jua likielekea kuzama. Hata hapa Kisumu yupo. Akimuuma kijana sasa, anaweza kuwapelekea majirani."

Anauliza kuhusu pipa la maji nyuma ya nyumba. Namwambia kumwaga maji hakutoshi: mayai hung'ang'ania ukingoni na kukaa makavu miezi, kwa hiyo asugue kwa brashi, kisha afunike.

Saa kumi na moja. Namkabidhi mwenzangu wa usiku zamu, pamoja na faili la kijana. Nimeandika kwa herufi kubwa: tumbo likiuma sana, akitapika mfululizo, fizi zikitoa damu au akilegea, aletwe saa hiyo hiyo. Kesho asubuhi anarudi kupimwa damu tena, hata kama homa imeshuka, maana ni siku hizo homa inaposhuka ndipo maji ya damu huweza kuvuja kwenye mishipa na presha kuanguka. Mama nimempa namba yangu.