Gari la kifahari, mshahara wa mwalimu

Aibu ya gari bovu huzoeleka. Hapa Pemba wenye magari mabovu ni wengi. Likizima njiani watu husukuma, safari ikaendelea. Langu mimi ni la kifahari, la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi. Likizima, watu husimama kwanza wakatazama.

Lilitoka Japani. Kule gari hukaguliwa kwa lazima likitimiza miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na kadiri linavyozeeka wengi huona heri waliuze kuliko kuligharimia. Ndiyo maana mwalimu kama mimi nimeliweza. Bei yake ilishuka, bei ya spea zake haikushuka.

Lililoniumiza zaidi ni la harusi ya binti wa ami yangu. Ami alinipigia simu: "Mwanangu, biharusi tumpakie kwenye gari lako." Ami huyo ndiye aliyenisomesha, ningemjibu nini? Tukatoka Chake kwenda Wete. Ulikuwa msimu wa karafuu, majamvi yametandazwa kandokando ya barabara. Katikati ya mlima sindano ya joto ikapanda, harufu tamu ya kulanti, maji ya kupozea injini, ikaingia ndani, mvuke ukafuka kwenye boneti. Biharusi akashuka na shela lake, mikono imejaa hina na piko, akasimama pembeni ya karafuu za watu. Bibi mmoja aliyekuwa akianika akaacha kazi yake, akamtandikia mkeka kivulini. Ikaja dala-dala ikasimama, abiria wakabanana, na konda akakataa nauli. Ami hakusema kitu. Alinishika bega tu, na hilo lilinichoma kuliko angenigombeza.

Fundi alinionesha baadaye kiungo cha plastiki kinachopitisha maji ya injini: kimekauka kwa joto la miaka mingi, kimepasuka. Maji hayo hukaa kwenye mgandamizo, ndiyo maana huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukitokea ufa, mgandamizo unatoka na maji yanachemka papo hapo. Mlimani ndiko injini inakotoa jasho, na Pemba ni milima.

Kuna na shokapu za upepo. Mpira wake ukichakaa upepo huvuja polepole usiku, kompresa inayoujaza nayo hufanya kazi kupita kiasi hadi inaungua. Nikitoka kuswali alfajiri nalikuta limelala upande mmoja pale nje ya msikiti, na kila anayetoka ananipa pole. Wanasema kwa moyo safi, najua. Nikiitikia, uso unaniwaka.

Lakini kubwa kuliko hayo ni vile watu wanavyonihesabu. Ikipigwa mbiu ya mchango, wa mazishi au wa bati la madrasa, macho yote kwangu. Nimeshasikia, "Maalim hakosi, tazama gari lake." Hawajui kwamba mwezi mzima nimekuwa nikienda skuli kwa miguu nikingoja spea ije na boti kutoka Dar. Nisingependa wajue, na pia sipendi waendelee kuamini wanachoamini. Nimeishi katikati ya mawili hayo muda mrefu.

Kuliuza sitaki. Mama anaumwa na magoti, na dala-dala kwake ni mateso. Kwenye kiti kile cha mbele ananyoosha miguu, anafika hospitali ya Chake akiwa bado na nguvu za kusalimiana na watu. Siku hizo gari huenda kimya, na mimi nalipenda kweli.

Ijumaa kamati ya msikiti imepitisha daftari la mchango wa pampu ya maji. Waliniletea mimi kwanza, mstari wa juu wameuacha wazi kwa ajili yangu. Nikamwambia katibu, "Shekhe, gari lile linakula mshahara wangu wote. Nilichonacho ni hiki." Nikaandika elfu kumi, chini kabisa ya ukurasa.