Kuvuka Ziwa na Kurudi Mzima: Afya ya Msafiri Anayetoka Kigoma

Kutoka Kigoma kwenda nje ya nchi hakuhitaji ndege. Unapita Manyovu ukaingia Burundi, au unapanda chombo kwenye Ziwa Tanganyika ukashukia Kalemie au Uvira nchini Congo, au Mpulungu nchini Zambia. Na kwa kuwa ng'ambo kule wako ndugu na wateja, wengi huondoka na simu na pesa tu. Anayekwenda Ulaya hushauriwa na kila mtu. Anayekwenda Bujumbura hakuna anayemuuliza amebeba dawa gani. Naona huyu wa pili ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kujiandaa, maana maradhi ya safari za ziwani hushika haraka, na usiku mkiwa katikati ya maji hakuna zahanati.

Anza na kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano huhesabika halali kuanzia siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo anayechanjwa Jumatatu akasafiri Alhamisi anaweza kuzuiwa hata kama kadi iko mkononi. Tangu Julai 2016 kanuni za kimataifa zinaitambua kadi hiyo kwa maisha yote. Ile habari ya kurudia kila miaka 10 imepitwa na wakati. Congo na Burundi huidai, na Tanzania nayo humdai anayetokea huko, hivyo itakuhusu hata siku ya kurudi. Kabla hujatoka kwenye chumba cha sindano kagua jina lifanane na la pasipoti, kisha tarehe, sahihi na mhuri. Mjamzito, aliyezidi miaka 60, mwenye kinga iliyoshuka au anayedhurika vibaya na mayai azungumze na daktari kwanza, kwa sababu chanjo hii ina virusi hai waliodhoofishwa.

Sasa maji, na hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walipojaa Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka, kipindupindu kililipuka pale ufukweni. Ziwa linaonekana safi, hasa ukiwa mbali na pwani, na watu huchota kwa kopo kandoni mwa chombo wakanywa. Chombo hichohicho kinamwaga choo chake ziwani. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu dakika moja nzima. Ukitumia vidonge vya klorini, soma kwanza kidonge kimoja ni cha lita ngapi, kwa maana vipo vya lita 20 na vipo vya ndoo ndogo. Kisha subiri dakika 30. Maji yakiwa na tope, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa kabla ya kutia kidonge. Tope hula klorini, na kidonge kinaisha nguvu kabla hakijafika kwa vijidudu. Barafu ni maji pia, na kachumbari imeoshwa kwa maji. Samaki aina ya mgebuka aliyetoka kwenye mafuta sasa hivi ni salama kuliko yule aliyelala kwenye sinia tangu asubuhi.

Ukianza kuhara, kinachoua ni kupungukiwa maji na chumvi mwilini. Beba pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, angalau nne kwa kila mtu. Kosa linalofanyika sana ni kumimina pakiti ya lita moja kwenye chupa ya nusu lita: mchanganyiko unakuwa mkali, unavuta maji kutoka mwilini kuingia utumboni, na kuhara kunaongezeka. Kwa mtoto ni hatari zaidi. Jaza chupa ya nusu lita mara mbili kwenye chombo safi, ndipo utie pakiti. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, mkubwa wake hadi miaka 10 apewe 100 hadi 200, mtu mzima anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, ngojeni dakika 10, kisha aendelee polepole kwa kijiko. Vidonge vya kufunga tumbo visitumike palipo na damu au homa. Choo kikiwa kama maji ya mchele, msingoje asubuhi: kipindupindu kinaweza kumaliza mtu mzima kwa saa chache. Mpelekeni kituo cha afya, huku akinywa njia nzima.

Malaria tumeizoea, na mazoea hayo ndiyo yanayotudanganya. Beba chandarua chenye dawa, kwa kuwa nyumba ya wageni haina uhakika. Ukipimwa ukakutwa nayo na kuandikiwa dawa mseto ya ALu, mtu mzima humeza vidonge 4, kisha 4 tena zikipita saa 8 tangu vya kwanza, halafu 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku mbili zinazofuata: jumla 24. Imeze pamoja na chakula chenye mafuta, hata ugali na mboga ya mawese, kwani bila mafuta dawa hufyonzwa kidogo. Homa hushuka mapema; vidonge vimalizwe hata hivyo.

Wa kisukari, presha au ARV wabebe dawa za safari nzima na za wiki moja ya ziada, kwenye mfuko wa mkononi. Andika jina halisi la dawa na miligramu, wala si jina la kibiashara, maana Bujumbura na Kalemie mfamasia atasoma Kifaransa na majina halisi yanakaribiana. Kule saa iko nyuma yetu kwa moja. Acha saa mojawapo ya simu ibaki kwenye majira ya Tanzania, umeze dawa kwa kuifuata hiyo.

Kwenye boti, boya livaliwe, lisiwe la kukalia. Kuoga ziwani karibu na matete ni kukaribisha kichocho. Aliyeoga apime baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa kabla ya hapo mayai huenda yasionekane. Na homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, mwambie mganga ulikuwa wapi na tarehe gani, kabla hajakuuliza.