Mzeituni wangu haukuwa na kiu

Majani yalipoanza kupukutika nilidhani ni kiu. Yalikuwa yamejikunja kingo, ncha zimekauka na kuwa kahawia. Nikaongeza maji. Kadiri nilivyomwagilia ndivyo yalivyozidi kudondoka, hadi upande mmoja wa mti ukabaki fito tupu.

Jani kuukuu la mzeituni kugeuka manjano ni jambo la kawaida, maana huishi miaka 2 au 3 kisha huanguka. Yangu yalikuwa majani machanga, ya kwenye ncha. Niliyageuza moja moja nikitafuta wadudu gamba, utando wa utitiri, au yale madoa ya mviringo ya ukungu. Sikuona kitu.

Ndipo nikachomeka kijiti kirefu kwenye udongo hadi chini. Juu palikuwa pakavu, na ukavu huo ndio uliokuwa ukinidanganya siku zote. Kijiti kilitoka na tope linalonuka kama yai viza.

Kabla ya kugusa kingine nilikwangua gome kwa ukucha. Kwenye ncha, ndani palikuwa pakavu na kahawia. Nikashuka, nikakwangua tena. Karibu na shina nikakuta kijani kibichi, chenye unyevu. Sijui nieleze vipi nilivyofurahi: mti ulikuwa hai.

Niliung'oa kwenye chungu. Kilikuwa na tundu moja tu, nalo limezibwa, na sahani ya chini imejaa maji. Mizizi mingi ilikuwa myeusi na laini. Ukiivuta, ganda linavuka na kubaki kama uzi mkononi. Mizizi iliyozama hukosa hewa, ikikosa hewa huoza na kushindwa kuvuta maji. Kwa hiyo mti hunyauka kama wenye kiu huku umesimama majini.

Nilikata kila kilichooza kwa mkasi niliokuwa nikiupangusa kwa spiriti, nikabakiza mizizi migumu yenye rangi ya maziwa. Karibu nusu iliondoka. Nikapogoa na matawi yaliyokufa. Kisha nikaupanda kwenye chungu cha kufinyangwa chenye matundu kadhaa, kidogo kuliko cha kwanza, kwa kuwa udongo usio na mizizi ya kuunywa hukaa na maji muda mrefu. Thuluthi ya udongo ilikuwa mchanga wa chenga na kokoto ndogo, vyote vimechanganywa. Tabaka la kokoto chini ya chungu, ambalo wengi hulipenda, sikuliweka: maji hutuama juu yake badala ya kushuka. Mbolea pia niliiacha kabisa, kwani chumvi zake huunguza mizizi yenye majeraha.

Wiki 2 za kwanza niliuweka penye mwanga mwingi bila jua kali, kisha nikautoa juani. Maji niliupa pale tu kidole kilipozama sentimita 5 bila kukuta unyevu, nayo yakatiririka yote nje.

Kwa muda mrefu hakuna kilichotokea, na kujizuia kumwagilia ndiko kulikoniwia vigumu kuliko kazi zote. Wiki ya 7 nikaona vichomozo viwili kwenye shina, vya kijivu, vidogo kuliko punje ya mchele. Sasa ni matawi.

Ule upande uliokauka haukurudi, niliukata. Mti umeegemea kushoto kidogo, nami kila ninapochukua maji, kwanza nakinyanyua chungu kupima uzito wake.